Mlinzi Ndani ya Mashine ya Baba

Jumatatu, 3 Februari

Kwako Profesa,

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako ni ya mapambo. Nikipiga asubuhi uko kikaoni, nikipiga mchana uko njiani, nikipiga jioni unasema "Dada, nakupigia sasa hivi," na hiyo sasa hivi haijawahi kuzaliwa. Barua haikatwi katikati. Utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni chooni.

Baba hajambo kwa kiwango chake. Mkono wa kulia bado umelala tangu kiharusi, na maneno yanamtoka mawili matatu kwa siku, mengine ya kunigombeza. Anakula, ananuna, analala.

Shida yangu ni kompyuta yake. Ile kubwa ya rangi ya maziwa yaliyochacha, aliyoondoka nayo ofisini siku alipostaafu ualimu mkuu. Shule inatimiza miaka hamsini tarehe 12 Aprili. Wamejenga maktaba na wanaipa jina la Baba. Mwalimu mkuu wa sasa, yule mama mwenye sauti kama kengele, alikuja mwenyewe hapa nyumbani. Anataka orodha za wanafunzi waliochaguliwa kwenda vyuo, kila mwaka wa utawala wa Baba, zichapwe, zitiwe kwenye fremu na kutundikwa ukutani. Nikamwambia zote zimo kwenye mashine, asiwe na wasiwasi. Mdomo uliniponza.

Mafaili ni mamia, na Baba hakuyapa majina, aliyapa namba kama wafungwa. Njia pekee ni kuiambia mashine itafute neno. Baba aliandika maelekezo kwenye kikaratasi akakigandisha pembeni ya skrini: shikilia Kontroli, bonyeza F, andika neno unalolitaka. Basi nikishikilia Kontroli na kubonyeza F, mashine inapiga yowe moja refu, skrini inajaa vijisanduku, na kibodi yote inakufa. Hata kitufe cha kutoka hakitoi. Nazima, nawasha, nasubiri kama nasubiri mkate uive, najaribu tena, yowe lile lile. Nimefanya hivyo mara kumi na moja. Enzi zile nikienda ofisini kumchapia ratiba sikuwahi kutafuta kitu, kwa hiyo sijui kama ni ugonjwa mpya au wa kuzaliwa.

Wewe ndiye uliyesomeshwa mambo haya. Niambie cha kufanya, na uniambie kwa lugha ya watu. Nina magauni sita ya harusi juu ya meza na cherehani yangu inanitazama kwa huzuni.

Dada yako

*

Jumanne, 11 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka na nimeona aibu, vyote kwa pamoja. Nisamehe kuhusu simu. Kazi huku ni nyingi na bosi ni mtu wa kuchungulia mabegani.

Kuhusu mashine: ni vumbi tu. Kompyuta ya umri ule ni kama mzee wa umri ule, viungo vimekaza. Geuza kibodi chini juu, ipige mgongoni taratibu, kisha ifute kwa kitambaa kikavu. Ikikataa, tafuta kibodi nyingine. Ikikataa tena, achana na hiyo Kontroli na F kabisa. Fungua faili moja moja kwa mkono, soma mistari ya juu, funga, nenda linalofuata. Najua ni kazi ya kuchosha, lakini ni salama. Kila mashine inapoganda, diski ndani inaumia, na ikifa hakuna wa kuifufua.

Na kama orodha ya mwaka mmoja au miwili itakosekana, Dada, nani atajua? Watu watakuja kula, kupiga makofi na kupiga picha.

Msalimie Baba. Mwambie namkumbuka.

Mdogo wako

*

Jumanne, 18 Februari

Kwako Profesa,

Marahaba. Baba nimemsalimia, akageukia ukuta.

Nimeipiga kibodi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Yamedondoka makombo ya biskuti, pini yangu moja na bawa la mende. Yowe liko pale pale.

Nikaenda kwa Fundi Risasi. Humjui, alihamia ulipokwisha kuondoka. Anatengeneza redio na pasi kwenye kibanda nyuma ya soko, anaitwa hivyo kwa sababu nguo zake zote zina matone ya risasi ya kuunganishia nyaya. Akanipa kibodi nyingine aliyoiokota sijui wapi. Nikaiunganisha. Yowe lile lile.

Sasa nisikilize, maana mimi ni mshonaji, na mashine nimeishi nazo kuliko nilivyoishi na watu. Kontroli na S inahifadhi vizuri. Kontroli na P inachapa vizuri, ingawa printa inakohoa. Herufi F peke yake inaandika bila taabu: fimbo, fisi, fedheha. Mume mzima, mke mzima, ila wakikutana nyumba inawaka moto! Nikafungua ile programu nyingine, ya kuchorea majedwali. Kontroli na F, yowe. Kwa hiyo si kibodi, si vumbi, na wala si programu ya kuandikia. Cherehani mbovu hukosea ovyo, leo inakata uzi, kesho inaruka mshono. Hii haikosei. Inagoma mahali pamoja tu, kila mara, bila kupitiliza hata nukta. Mimi najua tofauti ya mashine iliyochoka na mashine iliyokatazwa.

Na wewe, msomi wetu, unaniambia nifungue mafaili mia saba kwa mkono. Unajua nina mikono mingapi? Mmoja unamlisha Baba, mwingine unamfuta. Nimefungua sitini na mawili. Nimepata orodha za miaka mitano. Mwaka wetu sisi, mwaka niliomaliza mimi, siuoni. Hilo la "nani atajua" usinirudie. Nitajua mimi. Hata kama jina langu halimo, wenzangu wamo, na wana haki ya ukuta wao.

Fundi Risasi anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuifungua.

Dada yako

*

Jumatano, 26 Februari

Dada,

Mwambie huyo Risasi asiiguse hiyo mashine. Nasema kwa heshima zote, lakini nasema. Mtu wa pasi na redio ataingiza bisibisi mahali pasipofaa na kazi yote ya maisha ya Baba itageuka moshi. Sijakataa kusaidia! Izime, ifunge kwenye blanketi, ipakie kwenye basi, nitaipokea stendi. Nitatoa kila kilichomo na kukutumia orodha zimechapwa, safi, kwa karatasi nzuri.

Kwa nini unaandama jambo hili kama vile maisha yako yametundikwa hapo? Nakujua, ukishika hushiki kidogo. Lakini Baba ni mgonjwa, na shule inataka kumheshimu angali hai. Tumwache apate siku yake. Yaliyopita yamepita. Alichoandika, alikiandika kwa hali ya wakati ule, Mama akiwa kitandani, na wewe mwenyewe unakumbuka hali ilikuwaje. Hakuna faida ya kufukua.

Nitumie mashine. Nakuomba.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 3 Machi

Alichoandika nini?

Mimi nimekuuliza kuhusu orodha. Orodha ni majina. Nani amekwambia kuna kitu Baba "alikiandika"? Na Mama anaingiaje kwenye Kontroli na F?

Jibu kwa barua ya haraka. Usinipigie.

Dada yako

*

Jumamosi, 15 Machi

Siku kumi na mbili, na wewe kimya. Umepiga simu mara tisa, sikupokea. Nilitaka uandike, ili neno likikutoka usiweze kusema sikukusikia vizuri. Hukuandika. Basi mimi nitakuandikia wewe.

Fundi Risasi, niliyemwahirisha kwa ajili ya barua yako, amekuja wiki hii, na hakuingiza bisibisi popote. Alivuta kigoda, akawasha mashine, akatazama ile mistari inayopita mwanzoni kabla skrini haijatulia. Akaniuliza, "Mama, huyu Mlinzi ni nani?"

Nikamwambia hatuna mlinzi, tuna kufuli.

Akasema, "Si wa getini. Wa humu ndani. Kila ukiiwasha mashine, inaamka programu ndogo jina lake MLINZI. Inakaa kimya, inasubiri. Mtu akibonyeza Kontroli na F, inaivamia mashine na kuikaba koo." Akacheka. "Imetengenezwa kitoto, lakini imetengenezwa makusudi. Aliyeitengeneza kaweka na tarehe."

Ile tarehe, Profesa, ni likizo ya mwaka wako wa pili chuoni. Nakumbuka likizo ile. Nilikushonea shati la mikono mirefu. Ulishinda siku mbili ofisini kwa Baba, ukasema unamsaidia "kuisafisha mashine."

Risasi akaongeza neno moja mbele ya mstari unaomwamsha Mlinzi ili mashine iuruke. Akazima, akawasha. Akanipisha kigoda. Nikashikilia Kontroli, nikabonyeza F. Hakuna yowe. Kikatokea kidirisha kidogo cha kistaarabu kinaniuliza natafuta nini. Sikuandika "orodha". Niliandika jina langu.

Yalitoka mafaili matatu.

La kwanza ni orodha ya waliochaguliwa mwaka wetu. Majina kumi na moja. Mimi ni wa tatu. Chuo cha uuguzi.

La pili ni mashairi niliyoandika darasa la tano. Sikujua kama aliyahifadhi, na sitaki kuambiwa maana yake.

La tatu ni barua ya Baba kwa mkuu wa chuo. Nakunukulia, ingawa naona unaijua kwa moyo: "Binti yangu ameamua kwa hiari yake kutojiunga, kwa kuwa anatarajia kuolewa hivi karibuni. Tafadhali nafasi yake apewe mwingine."

Kuolewa! Na nani, Profesa? Mchumba huyo nimemsubiri miaka ishirini na saba, hata salamu hajaleta.

Kisha nikatafuta orodha ya mwaka ule ule iliyobandikwa ubaoni shuleni. Ipo pia, faili linalofuata, tarehe ile ile. Majina kumi. Wa pili, halafu aliyekuwa wa nne amepandishwa kuwa wa tatu, kama vile kati yao hapakuwahi kuwa na mtu.

Nilisimama mbele ya ubao ule, nikausoma mara nne. Nikaenda ofisini, nikamwuliza Baba. Hakuinuka kitini. Alisema, "Hukufikia, mwanangu. Alama hazikutosha. Si kila mtu ameumbiwa kitabu." Mwalimu mkuu ni baba yako, ungemwuliza nani mwingine? Nikarudi nyumbani, nikafunga kanga, nikaanza kumgeuza Mama kitandani asipate vidonda. Nilimgeuza miaka sita mpaka tukamzika. Sasa namgeuza Baba. Nimekuwa nesi bila cheti, bila sare, bila likizo, na muda wote nikiamini mimi ni mzito wa kichwa. Ukinisahihisha herufi kwenye barua nilikuwa nacheka: ah, mimi tena, mjinga wenu. Mlikuwa mnacheka nami. Wewe ulikuwa unacheka nami, na unajua!

Kliniki anakochukulia Baba dawa kuna tangazo ukutani, mwaka wa pili sasa. Chuo kinapokea watu wazima, kozi ya miezi tisa, uuguzi wa wagonjwa majumbani. Kila nikienda nalisoma, kila nikilisoma najiambia, usijiaibishe, alama zako hazikutosha.

Nilichapa barua ile. Nikaenda chumbani kwake, nikaketi kitandani, nikamsomea kwa sauti neno kwa neno, na tarehe, na sahihi. Unajua alifanya nini? Alifumba macho. Nikamwambia, "Fumbua." Hakufumbua. Nikamlisha chakula chake hivyo hivyo, macho yamefumbwa, kijiko kwa kijiko, kwa sababu asipokula dawa zinamchoma tumbo. Huo ndio ujinga wangu.

Sasa andika.

Dada yako

*

Jumamosi, 22 Machi

Dada,

Nimechana karatasi nne kabla ya hii.

Ni kweli. Niliitengeneza mimi. Ulikuwa umeanza kwenda ofisini kumchapia ratiba, Baba akaingiwa na hofu. Akaniita, akafunga mlango, akasema, "Weka kitu humu dada yako asiweze kutafuta." Nikamwambia afute tu. Akasema karatasi ya ofisi haifutwi. Hivyo ndivyo alivyo, unamjua. Anaweza kupindua maisha ya mtu, lakini hawezi kuharibu nakala. Nilipotaka kuijaribu kazi yangu kabla sijaifunga, nilitafuta jina lako. Ndipo nikaisoma.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Ningefanya nini? Wewe unanipigia kelele kana kwamba niliketi mezani nikapanga. Sikupanga! Nilikuta kumepangwa. Mama hawezi kugeuka, Baba yuko shuleni kutwa, mtu mmoja lazima abaki na mwingine aende. Alichagua. Na nikuambie jambo ambalo halijanitoka mdomoni hata kwa mke wangu: nilifurahi kwamba hakunichagua mimi kubaki. Nilifurahi, kisha nikajichukia, kisha nikafanya mtihani nikafaulu. Tangu hapo kila nikipanda cheo najisikia nimevaa koti la mtu. Unadhani simu zako sizipokei kwa sababu ya vikao? Sauti yako ndiyo siiwezi.

Sina la kujitetea kuhusu zile barua za Februari. Niliogopa.

Lakini Dada, nakupigia magoti. Usiipeleke barua ile shuleni. Nikate mimi, nitukane mimi, nisusie mazishi yangu. Mzee amebakiwa na nini? Hana mkono, hana ulimi, ana jina tu. Umwache nalo siku ile moja. Tundika orodha ya majina kumi. Baada ya hapo nitafanya lolote utakalo.

Mdogo wako

*

Ijumaa, 28 Machi

Kwako Profesa,

Ana jina tu. Na mimi nilikuwa na nini, kama si jina? Lilikuwa la tatu kutoka juu, mkalifuta, mkaweka mlinzi mlangoni.

Unasema utafanya lolote baada ya siku ile. Mimi nataka ulifanye siku ile ile. Soma vizuri, maana sitarudia.

Orodha itakayotundikwa ina majina kumi na moja. Nimekwisha kumpelekea mwalimu mkuu, kwa mkono wangu. Barua ya uchumba sikumpa. Hiyo iko ndani ya bahasha, na bahasha iko juu ya mashine, na utaamua wewe uifanyie nini, kwa sababu tarehe 12 Aprili atakayesimama kusoma orodha za Baba mbele ya watu ni wewe. Nimemwambia mwalimu mkuu mtoto wa kiume wa mzee ndiye atakayesoma. Amefurahi sana. Akasema, "Huyo ndiye aliyefika mbali!" Nikamwambia ndiyo, alipewa nauli ya watu wawili.

Nilituma alama zangu kule kwenye tangazo la kliniki. Mwanamke aliyenijibu ameandika maneno mawili tu niliyoyasoma zaidi ya mara moja: "Zinatosha kabisa." Kozi inaanza tarehe 14. Naondoka Alhamisi, tarehe 10, basi la saa nne asubuhi. Ufunguo utakuwa kwa jirani muuza maua. Sikuulizi kama utakuja. Nakuambia tu kwamba kuanzia saa nne asubuhi siku hiyo Baba hana mtu mwingine, na kwamba hula saa sita.

Vidonge vyekundu ni kabla ya chakula. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usimvute mkono wa kulia, utamtegua. Akikutukana, jua ni mzima.

Dada yako

*

Jumapili, 13 Aprili

Dada,

Nilifika Alhamisi saa tano na nusu. Ulikuwa umekwisha kwenda. Baba alinitazama, akatazama mlango nyuma yangu, akaendelea kuutazama mpaka jioni. Nilimchelewesha vidonge, nikamvisha shati kinyume. Jirani muuza maua alisimama dirishani akasema, "Ndiye huyo msomi?"

Jana. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nilimsukuma Baba kwenye kiti cha magurudumu hadi mbele, amevaa suti ya kijivu. Wakamvisha shada. Mwalimu mkuu akafunua kibao cha maktaba, watu wakapiga makofi. Kisha nikaitwa.

Nilisoma miaka sita ya kwanza bila tatizo. Kisha nikafika kwenye mwaka wenu. Nikasoma wa kwanza. Wa pili. Nikasoma la tatu, jina lako lote, na la Baba, na la Babu.

Kabla sijafika la nne, mwanamke mmoja akasimama katikati ya ukumbi. Mkunga, amestaafu juzi. Akasema, "Samahani. Huyo hakuwa ubaoni. Wa nne ni mimi, na ubaoni nilikuwa wa tatu. Nilipofika chuoni nikaambiwa mwenzangu kakataa nafasi, anaolewa. Nilikasirika naye miaka mingi, kwa nini hakunialika. Sasa ninyi mtuambie, alichaguliwa au hakuchaguliwa?"

Mwalimu mkuu akanigeukia. Nilikuwa na bahasha yako mfukoni, na ningeweza kusema ni makosa ya uchapaji. Nakiri kwako kwamba sentensi hiyo nilikuwa nayo tayari tangu kwenye basi.

Nikasema, "Alichaguliwa. Jina liliondolewa na baba yetu, ili abaki kumwuguza mama. Hapakuwa na harusi. Mimi nililijua hilo nikiwa chuoni, nikaficha, na nikaweka kufuli lisionekane." Nikaisoma ile barua yote. Mahali pa "kwa hiari yake" mtu mmoja nyuma akaguna, basi ukumbi mzima ukaguna.

Mzee mmoja wa kamati akasimama kwa hasira, akapiga fimbo chini. "Huu ni utovu wa adabu! Mwamtukana mtu asiyeweza kujibu?"

Dada, Baba aliinua mkono wa kushoto. Nilifikiri anataka kuondolewa. Nikainama. Akanisukuma uso kando, akautazama ukumbi, akavuta pumzi kama anayenyanyua gunia. Akasema, "Kweli." Watu hawakusikia vizuri. Akasema tena, kwa nguvu, mate yakimtoka, "Ni kweli. Yote."

Makofi hayakupigwa. Sherehe iliendelea, lakini kwa sauti ya chini, watu wakila bila kutazamana. Kamati inakutana wiki ijayo kuhusu jina kwenye kibao. Orodha yenye majina kumi na moja imetundikwa. Mkunga alisimama chini yake muda mrefu, akaniomba anwani yako. Nimempa. Kama nimekosea, niambie.

Nimeomba likizo ya miezi mitatu kazini. Wamekasirika. Nitaomba nyingine ikiisha.

Mdogo wako

*

jumapili tarehe 20 aprili

mwanangu

naandika kwa mkono wa kushoto kidole kimoja. mdogo wako amewasha mashine nimemtoa nje.

mama yako alitaka wewe uende. alisema atavumilia atatafutiwa mtu. mimi nikasema mwanamume ndiye atakayetuinua. tuligombana. alikufa hajanisamehe kwa hilo nawe ulidhani amenuna kwa maumivu.

sikukosea kwa kutojua. nilijua. ulikuwa na kichwa kuliko mdogo wako na kuliko mimi. nilikuambia hukuumbiwa kitabu kwa sababu ningesema jambo dogo zaidi usingeamini.

sina hoja ya kujitetea. nakuomba radhi.

baba yako

*

Jumapili, 4 Mei

Kwako Profesa,

Huku ni kuzuri na kugumu. Mimi ndiye mkubwa kuliko wote darasani, kasoro mlinzi wa lango. Wasichana wananiita Mama Mkubwa na wananinyang'anya madaftari yangu wanakili. Wiki ya kwanza mwalimu alituonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa asiyejiweza. Akaniomba nijaribu. Nilipomaliza akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia nyumbani. Akasema nimeshika vizuri, ila mgongo wangu naukosea, nimeukosea miaka mingi, ndiyo maana unaniuma. Nililia chooni kwa hasira, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Magoti tu. Unakunja magoti.

Kwa hiyo na wewe kunja magoti.

Mkunga ameniandikia. Tumepanga kuonana mwezi ujao. Sijui tutasema nini, labda tutamsema mchumba wangu.

Ulifanya vizuri siku ile ukumbini. Nimeandika sentensi hiyo mara moja, usisubiri ya pili. Sijakusamehe. Naamka nayo asubuhi, nakwenda nayo darasani, na mpaka sasa hainizuii kusoma. Likizo yako ikiisha utaomba nyingine, kama ulivyosema. Nitarudi nikimaliza miezi tisa, na nikirudi sitarudi kwenye zamu yangu ya zamani. Tutagawana.

Kibao wakikibandua, wabandue. Wakikiacha, wakiache. Orodha wasiiguse.

Barua ya Baba nimeipata. Nimeisoma. Mwambie imefika, na usiongeze neno.

Dada yako